Si baridi ya Kitale, ni tezi: niliyojifunza nikitafuta dawa ya pili

Mtu wa Pwani akipata kazi bara, jambo la kwanza analoonywa ni baridi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nilipopelekwa kufundisha Kitale, mama alinifungia masweta na blanketi kabla hajafunga hata sufuria moja. Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hutanda juu ya mashamba ya mahindi hata usione ng'ambo ya barabara. Kwa hivyo nilipoanza kutetemeka darasani hakuna aliyeshangaa. Walimu wenzangu walicheka tu: "Madam wa Mombasa, utazoea."

Sikuzoea. Mwaka wa pili nilikuwa nikilala na soksi na masweta mawili. Nilinenepa ilhali chakula kilinishinda. Nywele zilibaki kwenye kitana kila nikijichana, choo kikawa kigumu, hedhi ikawa nzito, sauti ikakwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Lililoniuma zaidi ni kusahau. Nilikuwa nikisimama mbele ya wanafunzi kufundisha ngeli, na neno nililolijua tangu utotoni likanipotea mdomoni.

Disemba nikaenda nyumbani likizo. Kaskazi yavuma, jua kali, watu wote wanajipepea, na mimi nimeketi barazani nimejifunika leso juu ya sweta. Mama akanitazama kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, hii nayo ni baridi ya Kitale?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka hospitali. Nilipimwa damu, na jibu likawa kwamba tezi yangu ya shingo imelegea. Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimepita njia ndefu, nimefanya kosa moja ambalo lingeweza kunigharimu moyo, na najua wako wengi wetu, hasa wanawake, wanaoambiwa ni uchovu, ni umri, ni jini, ama ni baridi. Mimi ni mwalimu, si daktari. Ninayoyaeleza ni yale niliyoelezwa na wenye elimu yao, na yaliyonifika mwenyewe.

Mpunga na mchele

Mbele ya koo, chini kidogo ya kile kifundo cha sauti, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Wataalamu wa lugha huiita dundumio, hospitalini wengi husema thairoidi. Ikivimba ikaonekana, ndiyo lile rovu tunalolijua. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi, joto liwe kiasi gani, akili iwe nyepesi au nzito.

Homoni hizo ni mbili. Ya kwanza ni T4, nayo ndiyo nyingi. Ya pili ni T3, nayo ni chache lakini ndiyo yenye nguvu. Njia rahisi niliyoipata ya kulieleza jambo hili ni hii: T4 ni mpunga, T3 ni mchele. Mwili huweka akiba ya mpunga, halafu ini, figo na viungo vingine hukoboa kadiri vinavyohitaji. Karibu asilimia 80 ya T3 iliyomo mwilini hutokana na ukoboaji huo, na ni sehemu ndogo tu inayotoka moja kwa moja kwenye tezi.

Ubongo nao una msimamizi wake, tezi ndogo iliyo chini yake inayotoa kitu kiitwacho TSH. Homoni zikipungua, msimamizi hupaza sauti na TSH hupanda. Zikizidi, hunyamaza na TSH hushuka. Ndiyo maana mtu akishukiwa kuwa na tezi iliyolegea, kipimo cha kwanza ni TSH. Yangu ilikuwa imepanda mno. Niliambiwa kinga ya mwili wangu imeigeukia tezi na kuishambulia, jambo ambalo ni sababu ya kawaida sana ya ugonjwa huu pale ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha.

Hapa nisimame kidogo, maana hilo la madini joto linatuhusu watu wa Pwani. Zamani nyanda za juu za Kenya zilikuwa na rovu nyingi kwa sababu udongo na maji ya huko yana upungufu wa madini hayo. Tangu mwaka 1978 sheria ya nchi ilitaka chumvi ya kula itiwe madini joto. Na chumvi hiyo kwa sehemu kubwa yatoka kwetu, kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, Marereni na Ngomeni kule Magarini. Chumvi niliyokuwa nikitia kwenye mboga zangu Kitale ilikuwa imetangulia kusafiri njia ile ile niliyosafiri mimi. Lakini kwa mtu kama mimi, ambaye tatizo ni kinga ya mwili, kuongeza madini joto zaidi hakutibu, na kukizidi kunaweza kudhuru.

Dawa ya kwanza

Matibabu ya kawaida ni kidonge kiitwacho levothairoksini. Hiyo ni T4, yaani mpunga. Kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na nilikipata Kitale bila shida kubwa. Wagonjwa wengi wakikipata kwa kipimo chao, mwili hukoboa wenyewe na maisha yakarudi.

Mimi yangu yalirudi nusu. Baridi ilipungua na sauti ikafunguka, lakini uzito wa akili ulibaki na miguu ilikuwa kama imefungwa mawe. TSH mara iko sawa, mara imepanda kidogo, wakaniongezea dozi. Ilipokuwa sawa niliambiwa, "Madam, kila kitu ni kawaida." Nikitoka nje nashindwa kupanda ngazi za ofisi. Aliyewahi kuambiwa ni mzima ilhali anajijua hajiwezi anaelewa upweke wa neno hilo.

Ndipo dadangu, binti ya mama mdogo anayeishi Uingereza, akanisimulia kwamba yeye ana ugonjwa huo huo na daktari bingwa amemwongezea dawa ya pili. Yaitwa laiothaironini, nayo ni T3 yenyewe. Mpunga pamoja na mchele kidogo. Akasema amefufuka. Nikaamua nami lazima niipate.

Wataalamu wanasemaje?

Jambo hili si geni. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke aliyelegea kwa ugonjwa huu kwa kumdunga maji ya tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi. Tezi ya kondoo ina T4 na T3 pamoja, kwa hivyo dawa ya kwanza kabisa ilikuwa ya mchanganyiko. T3 yenyewe ilitambuliwa mwaka 1952 na Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers. Mwaka 1970 ikathibitishwa kwamba mwili wa binadamu unaweza kugeuza T4 kuwa T3, na baada ya hapo madaktari wengi wakaona kidonge kimoja cha T4 chatosha.

Mjadala ulifufuka mwaka 1999. Utafiti wa wagonjwa 33 uliofanywa na watafiti wa Lithuania ulionyesha kwamba waliopunguziwa T4 kidogo na kupewa T3 kidogo badala yake walikuwa na moyo mkunjufu na akili nyepesi zaidi. Dunia nzima ya wagonjwa ikashtuka. Lakini tafiti zilizofuata hazikuafikiana na ule wa kwanza. Mwaka 2006 zilikusanywa tafiti 11 zenye wagonjwa 1,216, na kwa jumla haikuonekana tofauti. Hata hivyo, katika baadhi ya tafiti wagonjwa wengi walipoulizwa wanapendelea dawa ipi, walichagua mchanganyiko.

Mwaka 2012 chama cha madaktari wa tezi cha Ulaya kilitoa mwongozo wa katikati. Kilisema kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya wanaotumia T4 hubaki na dalili ijapokuwa TSH iko sawa. Hao, baada ya kuhakikisha hakuna sababu nyingine, wanaweza kujaribiwa mchanganyiko chini ya daktari bingwa. Isipoonekana nafuu kwa miezi 3, iachwe. Asipewe mjamzito, wala mwenye matatizo ya mapigo ya moyo. Kwa hivyo mlango upo, lakini ni mwembamba na una bawabu.

Mimi wakati huo sikuwa nimesoma hayo. Nilichojua ni dadangu amefufuka.

Kitale hadi Bungoma

Nilizunguka maduka ya dawa ya Kitale kwa wiki mbili baada ya kazi. Wengine waliniletea levothairoksini wakidhani nimekosea jina. Mmoja akaniambia amesikia Bungoma kuna anayeiuza. Jumamosi nikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Bungoma mjini. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna. La tatu nikamkuta mfamasia kijana, mpole, ambaye naye hakuwa nayo. Lakini hakunifukuza. Aliniuliza maswali matatu.

"Mama, hicho kidonge cha kwanza wakinywa saa ngapi?" Nikamwambia asubuhi. "Wakinywa na nini?" Na chai ya maziwa, nitakunywa na nini tena? "Na dawa gani nyingine unazotumia?" Nikamwambia vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu ya hedhi nzito, nakunywa vyote pamoja nisisahau.

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba levothairoksini hutaka tumbo tupu na maji matupu, kisha ungoje nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo saa 4, maana huikamata tumboni isiingie kwenye damu. Yawezekana, alisema, nilikuwa nikinunua dawa kamili na kutumia nusu yake.

Kando yangu alikuwa ameketi dada mmoja wa huko Bungoma, amefunika shingo kwa kitambaa. Aliposikia mazungumzo akakifunua kidogo nikaona kovu. Yeye tezi yake iliondolewa yote kwa sababu ya rovu. "Mimi hayo yote nafuata, mwalimu," akaniambia, "na bado niko hivi." Tukapeana namba za simu.

Ningefuata ushauri wa yule kijana, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilirudi Kitale nimekata tamaa, na baada ya mwezi mgeni akaja kutoka Uingereza na bahasha kutoka kwa dadangu. Ndani mna vidonge vya T3.

Usiku niliouogopa

Kila kidonge kilikuwa cha mikrogramu 20. Sikuuliza mtu. Niliendelea na T4 yangu yote kama kawaida, nikaongeza kidonge kizima kila asubuhi. Siku tatu za kwanza niliona miujiza: nimeamka mwepesi, nimesahihisha madaftari yote. Nikampigia mama nikamwambia nimepona.

Siku ya nane, saa sita za usiku, moyo ulinigutusha. Ulikuwa ukipiga kama ngoma ya harusi, mara ukiruka pigo, mara ukikimbia. Mikono inatetemeka, jasho linanitoka katika baridi ile ile ya Kitale. Jirani yangu, mwalimu mwenzangu, alinipeleka hospitali kwa pikipiki. Walinipima moyo na kunilaza hadi alfajiri. Daktari wa zamu aliponiuliza nimemeza nini, kwanza nilisita. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikatoa bahasha.

Baadaye nilipelekwa kwa daktari bingwa wa homoni Eldoret, naye akanifafanulia kosa langu. T3 ni mchele tayari, haingoji kukobolewa. Nguvu yake ni mara tatu au nne ya T4, huingia upesi na kutoka upesi. T4 hupungua nusu baada ya wiki moja hivi, T3 baada ya siku moja tu. Kwa hivyo anayepewa mchanganyiko hupunguziwa T4 kwanza, T3 huanza kwa kipimo kidogo sana, na mara nyingi hugawanywa mara mbili kwa siku. Mimi nilijaza debe lililokwisha kujaa. Homoni ikizidi hivyo kwa muda mrefu, moyo unaweza kupoteza mpangilio wake wa kupiga na mifupa ikawa dhaifu.

Hakunigombeza. Alisema tuanze upya: kidonge kimoja, maji matupu, saa moja kabla ya chai, vidonge vya damu jioni. Akanipima na wingi wa damu, akakuta ni mdogo, na kumbe upungufu wa damu peke yake unaweza kumfanya mtu achoke na kuhema. Baada ya kila badiliko la dozi tungengoja wiki 6 hadi 8 ndipo tupime TSH, kwa sababu msimamizi yule wa ubongo ni mzito wa kugeuka.

Ilichukua miezi mitano. Leo napanda zile ngazi. Akili imerudi, labda si yote, lakini ngeli zangu zimerudi. Daktari aliniuliza kama bado nataka kujaribu mchanganyiko kwa njia halali. Nikamwambia, kwa sasa, hapana.

Kwa nini ni adimu, na mlango ni upi

Lakini yule dada wa Bungoma hali yake si kama yangu. Yeye alikuwa akifuata masharti yote. Kwa watu kama yeye swali la dawa ya pili ni la haki kabisa, na laudhi kuona kwamba njia rahisi kuliko zote ni bahasha ya mgeni.

T3 haimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ilivyo T4. Wanaoihitaji ni wachache, na mwenye duka haweki rafuni dawa ambayo huenda ikapitwa na muda kabla ya kununuliwa. Bei nayo ni mtihani hata kwa matajiri. Uingereza, pakiti moja ya laiothaironini iliyokuwa pauni 20 mwaka 2009 ilifika pauni 248 mwaka 2017. Mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya huko ilichunguza, na mwaka 2021 ikawatoza faini ya zaidi ya pauni milioni 100 waliohusika.

Njia halali hapa kwetu yapitia kwa daktari bingwa. Bodi ya Dawa na Sumu, ile tunayoijua kwa herufi PPB, ndiyo inayosimamia dawa zinazoingia nchini, na dawa isiyosajiliwa inaweza kuombewa kibali kwa ajili ya mgonjwa mmoja aliyetajwa, kwa barua ya daktari wake na kupitia mfamasia mwenye leseni. Ni safari ya makaratasi, lakini mwisho wake unajua dawa yatoka wapi, kipimo ni kipi, na nani atakupima baada ya wiki 6.

Kwa hivyo ndugu zangu, mwenye tezi iliyolegea na bado hajisikii vizuri, nenda kwa daktari na maswali haya. Je, TSH yangu imetulia, ama inapanda na kushuka? Je, nainywa dawa ipasavyo? Je, nimepimwa damu, sukari na mambo mengine yanayochosha mwili? Na kama yote hayo yako sawa na dalili zimebaki, je, nafaa kujaribiwa mchanganyiko, na kwa muda gani?

Kwa sisi tunaofunga Ramadhani, msiache dawa mwezi mzima. Zungumzeni na daktari mapema. Wengi hushauriwa kuinywa nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala ikiwa saa 3 zimepita tangu chakula cha mwisho. Na kwa joto letu la Pwani, msiiweke dirishani wala kwenye gari, maana jua na unyevu huiharibu.

Na mwenye jamaa Ulaya ama Ghuba, tafadhali usimwombe akutumie vidonge vyake. Dadangu alinitumia kwa mapenzi, na mapenzi yake karibu yanizike.

Wiki iliyopita yule dada wa Bungoma alinipigia simu. Daktari wake ameandika barua ya kuomba kibali, na mfamasia kijana wa duka lile la tatu ndiye anayemsaidia kujaza fomu. Bado anangoja. Nilimuuliza baridi ikoje huko. Akacheka, akasema, "Mwalimu, Bungoma haina baridi kama Kitale. Hii ni yangu mwenyewe."